Makopo Yaliyorudi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepata nafuu, na ile dawa ya kuchua niliyompa mama mdogo akuletee unaitumia, hukuiweka kabatini ukingoja goti liume zaidi. Nakujua. Na presha je? Unakwenda kupimwa mwenyewe au mpaka mama mdogo akukokote? Msalimie sana, mwambie kitenge nimekipokea na kimenikaa vizuri.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama mlangoni, viatu bado mguuni. Mara ya pili nilikaa. Halafu nikaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na nyuzi, na kila nikitafuta uzi naiona. Uliuliza mbona kimya, na mbona nikipiga simu nazungumza habari za mvua tu. Mama, ukishika simu unaweka sauti kubwa na nusu ya mtaa inasikiliza. Kwa hiyo naandika. Naomba uvae miwani yako uisome peke yako, usimpe mama mdogo akusomee, hata kama mwandiko wangu utakuchosha.

Uliuliza pia habari za yale majani ya mdogo wangu, maana mwaka jana alikuandikia ukurasa mzima kuyahusu kisha akanyamaza. Nivumilie nianzie hapo.

Chumba cha mashine za figo pale hospitalini kina viti kumi na viwili, na Rangi (nimezoea kumwita wanavyomwita mtaani, usikasirike) aliwekwa kiti cha dirishani tangu siku ya kwanza. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake ilitoka kwa mpira mmoja, ikapita mashineni kusafishwa, ikarudi kwa mpira mwingine. Mkono haruhusiwi kuuinua. Mtu katika hali hiyo hana la kufanya ila kuangalia kilicho mbele yake, na mbele yake, juu ya ukingo wa dirisha, palikuwa na chungu kidogo cha nesi mkuu, yule mrefu wanayemwita Mnara.

Mmea wenyewe ukiuona mara ya kwanza utadhani mtu amesahau vitunguu vyake. Ni vitunguu kweli, vidogo kama ncha ya kidole gumba, vya zambarau, vimebanana juu ya udongo nusu nje nusu ndani kama watu wanaogombea benchi moja. Kila kimoja kinatoa majani matatu manne mafupi, ya rangi ya fedha, yenye madoa ya kijani kama ngozi ya chui. Ukigeuza jani, chini yake ni zambarau iliyoiva. Unajua mwanao anavyoangalia vitu, ndiyo maana akawa mchora mabango. Aliniambia alimaliza siku tatu za mashine akichanganya kichwani ile rangi ya fedha na hakuipata.

Mnara alipomsikia anausifia alimwambia mmea huo hauna matata, una sharti moja tu: usiupe maji ovyo. Wote wanaouua wanauua kwa maji. Vile vitunguu vinajiwekea akiba ndani, kwa hiyo unangoja udongo ukauke mpaka chini kabisa, unaupa kidogo, halafu unausahau. Nasikia chumba kizima kiliangua kicheko, mpaka mashine ya mtu mmoja ikapiga kengele kwa sababu alitikisika. Maana wao wenyewe, Mama, maji yao ya siku nzima ni glasi mbili ndogo. Anayezidisha anavimba, na mizani inamsema mbele ya wote. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori akasema basi huyo ni mwenzetu, apewe naye kiti. Tangu siku hiyo wakauita Madoa.

Mnara alimpa vitunguu vitatu vimefungwa kwenye glavu ya mpira. Rangi alichukua kopo dogo la rangi, akalikwangua, akalitoboa chini kwa msumari. Udongo aliuchanganya nusu kwa nusu na mchanga mnene alioomba kwa wajenzi wa nyuma yetu, ili maji yasikae. Alivipanda juujuu, mabega nje, akaliweka kopo dirishani upande wa jua la asubuhi. Mimi niliona ni mchezo wa mgonjwa. Lakini kila asubuhi alijipimia maji yake kwa glasi ya dawa, akanywa polepole kama mtu anayeonja, na kila baada ya wiki mbili alibakisha kidogo chini ya glasi akammwagia Madoa. Mtu aliyekuwa na kiu usiku na mchana, Mama, aligawa.

Vitunguu vitatu vikawa saba, kisha kumi na moja, vikajaa kopo hadi likapinda. Akajifunza kuvigawa. Anaumwaga udongo wote kwenye gazeti, anavitenganisha kwa vidole bila kisu, anaviacha kivulini siku mbili. Nilimuuliza kwa nini asipande hapohapo, akanijibu kama nesi, kwamba kidonda kikauke kwanza, ukikipanda kibichi kinaoza. Ndipo alipoanza kuwapa wenzake wa mashine, kila mmoja na kopo lake, na kila kopo akalichorea alama ya mwenyewe. La Dereva alichora usukani. La Mwalimu wa hesabu, alama ya kujumlisha. La Mama Pacha, miduara miwili iliyoshikana. Nilihudhuria siku moja aliyogawa, nikakuta watu wazima wamelazwa na mipira mikononi, kila mmoja na kopo tumboni, wanachekana. Mwalimu alikuwa anahesabu madoa ya jani moja moja akidai yeye kapewa machache. Wengine walimshutumu Dereva kwamba atajifanya anamwagilia huku anakunywa yeye.

Ile miezi ilikuwa mizuri. Sitaki udhani hatukuwa na miezi mizuri. Walikuwa wanaulizana habari za makopo kabla ya kuulizana habari za damu.

Kopo la kwanza kurudi lilikuwa lenye usukani. Binti wa Dereva alibisha hodi adhuhuri moja nikiwa nyumbani, amelishika kwa mikono miwili. Alisema baba ameondoka Jumatatu, kwao hakuna anayejua kulitunza, wakaona lirudi kwa mwenyewe. Rangi alilipokea, akampa pole yule binti, akakaa akiyafuta majani vumbi kwa ncha ya shati. Akaliweka dirishani karibu na la kwake. Kisha likaja la Mwalimu, limeletwa na mkewe ndani ya mfuko wa sokoni. La Mama Pacha lililetwa na dada yake, na yule dada alilia hapa sebuleni mpaka mimi na Rangi tukawa tunambembeleza sisi. Mengine mawili yaliachwa kwa mlinzi wa hospitali. La mwisho lilirudi mwezi wa pili, la kijana muuza magazeti aliyekuwa kiti cha nne, aliyekuwa anajigamba kwamba yeye atatuzika sote. Ukihesabu na la kwake mwenyewe, saba. Nikaona anaacha kugawa. Vitunguu vikijaa anaviacha visongamane.

Mimi pia nilikuwa na langu. Alilichorea sindano na uzi, kwa sababu ya kazi yangu. Nililiweka karakana, juu ya meza ya cherehani, na wenzangu walilisifu kwa wiki mbili. Lakini mimi sikuweza kuuona ule udongo mkavu, Mama. Kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani nililimiminia maji. Najua alichonikataza. Sikuweza tu. Majani yakawa ya njano, kisha laini, na siku moja nilipokigusa kitunguu kimoja kikabonyea kama tunda bovu na kikanuka. Nilimrudishia kopo. Alinusa, akatabasamu kidogo akasema nimeliua kwa huruma. Nilicheka naye. Huko kucheka ndiko kunakonirudia sasa.

Sasa habari zake. Mama, kaa chini kama umesimama.

Kwa miezi miwili sasa moyo wake umechoka. Wakimuunganisha na mashine presha inaanguka, wanalazimika kuizima katikati, na maji yanabaki mwilini. Miguu inavimba mpaka alama ya soksi inakaa siku nzima. Halali chali, analala amekaa na mito mitatu mgongoni. Bango lake la mwisho lilikuwa la kinyozi wa kona, na herufi zimeinama. Kinyozi amelitundika hivyohivyo, na mimi hupita upande wa pili wa barabara. Daktari aliniita kwenye korido akaniambia bila kuzunguka kwamba mashine sasa inamuumiza kuliko inavyomsaidia. Mdogo wangu alipoelezwa aliuliza maswali mawili tu: kama kutakuwa na maumivu, na kama ataruhusiwa kunywa maji. Wiki iliyopita aliwaambia haendi tena. Kwa hiyo hatuendi tena. Wamesema ni siku, labda wiki mbili. Sasa anakunywa maji anavyotaka, na ajabu ni kwamba hayataki. Anataka barafu tu, ailambe.

Aliniomba makopo yatafutiwe watu. Nilijaribu. Karakana waliyakataa, maana walishajua yametoka kwa nani na nani, na mpiga pasi akaniambia usoni kwamba hawezi kuweka maiti dirishani kwake. Nilimpelekea Mnara matatu, naye akayashika akayatazama, akasema hospitali imekataza udongo kwenye chumba cha mashine kwa sababu ya vijidudu. Hata chungu chake mwenyewe kiliondolewa. Nikarudi nayo. Yako hapa, yote, na mimi nina mwezi mzima sijayapa hata tone, nikitumaini nini sijui. Yanastawi. Yametoa hata vijiua, vidogo vya kijani ambavyo usipoambiwa hutajua ni maua. Nimeyachukia, Mama. Anaona ninavyoyatazama.

Nimeandika kurasa tatu na bado sijagusa kilichonifanya nishike kalamu. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele yako.

Unakumbuka ulipokuja kupima figo yako ili umpe. Presha ikakukataa. Ulikaa kwenye lile benchi la bluu ukalia, ukamwambia daktari kwamba wewe ni mzee, akutoe zote mbili kama anataka, na daktari akaondoka kwa sababu naye alikuwa analengwalengwa na machozi. Baada ya wewe kurudi nyumbani nilipima mimi. Nilikuandikia kwamba majibu yamenikataa, figo zetu hazikulingana. Ukanijibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, nisijilaumu, na tangu hapo kila barua unaniita mama wa pili wa mdogo wangu. Hata hii ya mwisho umeniita hivyo.

Majibu hayakunikataa. Yalilingana. Daktari aliniita peke yangu akaniambia kulingana vile ni bahati hata kwa watoto wa tumbo moja. Akanieleza operesheni itakavyokuwa, watakapokata, siku nitakazolala, kwamba mtu anaishi vizuri na figo moja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nikaomba kwenda msalani, nikanawa mikono, nikanawa tena, nikarudi nikamwambia siwezi. Hakunigombeza. Alisema ni haki yangu, hakuna anayelazimishwa, na mgonjwa ataambiwa tu kwamba sikufaa. Hivyo ndivyo wanavyofanya ili ndugu wasichukiane.

Miaka miwili nimetafuta sababu nzuri ya kukupa. Sina mtoto wa kumsingizia, sina mume aliyenikataza, kazini wangenipa ruhusa. Niliogopa, Mama. Niliogopa kisu, niliogopa kulazwa usingizi nisiamke, niliogopa kubaki na moja na siku moja nayo igome. Na mwanao wakati ule alikuwa na uso mzuri, anachora, anagawa makopo yake, nikajiambia bado mapema, labda mwakani nitakuwa na moyo. Kopo la Dereva liliporudi nilijiambia Dereva alikuwa mzee. La Mama Pacha liliporudi nilikosa la kujiambia, na bado sikwenda.

Nilikwenda alipoanza kulala amekaa. Niliingia kwa daktari bila foleni nikamwambia anichukue, leo, hata sasa hivi. Alifungua faili, akalisoma muda mrefu kuliko lilivyo. Akasema mwaka jana ingewezekana. Moyo alionao sasa hautavuka operesheni. Alisema kwa upole sana, na afadhali angenipiga.

Jumapili mchana nilimwambia mwenyewe. Nilipiga magoti chini ya kiti chake nikasema yote, vibaya, nikirudia maneno. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Najua, Dada. Faili tunabeba wenyewe kutoka chumba hadi chumba. Nilisoma nikiwa kwenye foleni ya mizani."

Alikuwa anajua tangu wiki ileile ya majibu. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akauliza angesema nini, aniombe mara ya pili? Akatafuta pumzi, nikadhani amemaliza. Halafu akasema, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayekumbuka kazi ya zamani:

"Nilijua utarudi. Kila ukiingia pale mlangoni kwenye mashine nilikuwa nasema labda ni leo anakuja kuniambia."

Mama, nilikuwa naingia kwenye ule mlango mara tatu kwa wiki. Nilikuwa namletea gazeti.

Aliomba barafu nikampa. Baada ya hapo akanishika, akaniambia wewe, Mama, usijue kamwe. Alisema siku ya kumzika ikifika utahitaji mtu wa kumshika mkono, na huna mwingine ila mimi, kwa hiyo tusikuharibie. Alitaka niape. Niliapa.

Nimevunja kiapo hicho hata wiki haijaisha. Sikufanya hivyo ili unisamehe, na tafadhali usiniandikie kwamba umenisamehe, maana nitajua umefanya haraka. Nimekuambia kwa sababu siku hiyo utanyoosha mkono, na mimi siwezi kukupa wangu huku wewe unadhani ni wa mtu mwingine.

Njoo, Mama. Usingoje goti. Basi la asubuhi linafika hapa saa tisa alasiri, na yeye saa hizo huwa macho. Anakutaja. Ukifika usimwonyeshe kwamba unajua, mwache na hilo alilotaka. Mimi ukitaka nije stendi kukupokea, mwambie mama mdogo anipigie simu aseme neno moja, njoo. Asipopiga nitaelewa, na jirani yetu fundi nywele atakuja badala yangu. Nimemwonyesha picha yako. Kitanda changu nimekutandikia, mimi nitalala karakana siku zote utakazokuwepo, wameniruhusu.

Nisalimie mama mdogo na wote wa hapo nyumbani. Mdogo wangu anakusalimu, amesema nikuandikie kwamba hajambo.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.